Dansi ya Uwanja wa Kwanza

9 Septemba

Nimeolewa siku kumi na moja sasa, na kila asubuhi nikiamka lazima nigeuke upande wa pili wa kitanda nihakikishe kwamba si ndoto. Si ndoto. Anakoroma.

Daftari hili nilipewa na shangazi siku ya harusi. Wengine wote walileta vyombo, hata sasa tuna tosta tatu za kuchomea mkate. Shangazi akasema, "Corinne, wewe una maneno mengi, mumeo ana machache. Yatakayozidi yamwage humu." Basi namwaga.

Mume wangu ni Gus Wojcik, mtunza viwanja wa mji wetu wa Pennick. Viwanja vinne vya nyasi za kweli, si za plastiki. Mbegu alizipanda yeye mwenyewe miaka mitatu iliyopita, na ukimwona anavyopiga magoti kutazama jani moja utasema anasoma barua. Sisi tunakaa langoni, katika nyumba ndogo yenye mlango wa kijani ambayo mji humpa mtu anayetunza viwanja. Kabla ya Gus alikuwa baba yake, Mungu amrehemu. Gus alizaliwa katika chumba tunacholala.

Kitu kimoja tu hakikukamilika harusini. Tulikuwa kwenye ukumbi wa zimamoto, bendi ikaita maharusi wafungue dansi, Gus akanishika kiuno, na kabla hatujainua mguu rafiki yake Clayton akaingia mbio: bomba la kumwagilia limepasuka uwanja wa tatu! Gus akatoka na suti yake, spana ikiwa mfukoni. Ndiyo, bwana harusi alikuja kanisani na spana mfukoni. Aliporudi keki ilikuwa imekwisha na tope limemfika magotini. Watu walicheka, nami nilicheka sana.

Lakini dansi yangu sijaipata. Kila siku namwambia, "Bado hatujacheza." Naye hunijibu, "Tutacheza, mpenzi. Ngoja nyasi zitulie."

11 Septemba

Bado hatujacheza. Ila ameniletea tufaha la kwanza la msimu, amelificha ndani ya kofia.

14 Septemba

Leo moyo wangu umepanda na kushuka kama ndoo ya kisimani.

Kulikuwa na mkutano wa mji. Chama cha vilabu vya lakrosi vya vyuo kinatafuta mahali pa kuchezea fainali za Mei ijayo. Timu kumi na sita! Hawa si wale wachezaji wakubwa wa vyuo wanaopanda ndege na kupewa viatu vya bure. Wa vilabu ni wanafunzi wanaocheza kwa kupenda tu. Wanajilipia kila kitu, wanaendesha gari kutoka majimbo ya mbali na fimbo zao zenye vyavu, za kudakia na kurushia mpira, zimewalalia mapajani, na wakifika wanalala wanne chumba kimoja. Mimi watu wanaofanya jambo kwa kupenda tu nawaelewa kabisa.

Kisha Meya wetu, Fenton Rusk, akasimama.

"Jamani, niseme wazi. Kuna kampuni ya maghala inaitaka ile ardhi. Halmashauri imeshapiga kura. Fainali zikija hapa, viwanja vinabaki. Zisipokuja, baridi ikiingia tunauza."

"Na nyumba ya langoni?" nikauliza.

"Nyumba iko juu ya ardhi, Corinne. Haielei."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Gus alinishika mkono chini ya meza na mkono wake ulikuwa baridi.

Clayton ndiye aliyetuokoa. Yeye ni wa taifa la Onondaga, wenyeji wa asili wa nchi hii, majirani zetu waliokuwa wakicheza mchezo huu kabla Pennick haijawa hata na jina, na kazi yake ni kuchonga fimbo za mbao. Akasema, "Babu zangu walicheza mchezo huu mamia ya miaka bila kamati, na hakuna mechi iliyokosa uwanja."

"Basi wewe kaa pembeni," Meya akasema.

"Nikae pembeni, beleshi la Gus atalishika nani? Wewe, na viatu hivyo?"

Wakanichagua mimi niandike maombi ya mji kwa kamati, maana nilipata zawadi ya insha nilipokuwa sekondari. Mama mkwe wangu, Mama Wanda, alikuwa kama kaa lililozimika kwenye kiti chake. Akasema neno moja: "Tutaona."

Mama Wanda ndivyo alivyo. Ukimuuliza kama chakula ni kitamu, hujibu, "Kinalika."

17 Septemba

Nimeandika maombi. Kurasa kumi na moja, na nilijibana. Nikampelekea Mama Wanda, kwa kuwa Gus alisema, "Mama akiona ni sawa, ni sawa."

Alivaa miwani. Akachukua penseli nyekundu.

"'Macho ya mtunza viwanja ni ya kijani kama uwanja wenyewe asubuhi ya Juni.' Corinne, hii kamati inakuja kucheza au kuchumbia?"

"Nilitaka waone kwamba anapenda kazi yake, Mama."

"Wataona. Andika maji yanakauka kwa muda gani baada ya mvua. Vitanda ni vingapi. Hospitali iko wapi."

Alikata, akakata, akakata. Zikabaki kurasa mbili. Nilirudi nyumbani nikalia bafuni, kisha nikanawa uso nikazinakili upya kwa mwandiko mzuri. Mwanamke huyu hajawahi kupenda mtu, nasema humu kwa kuwa hatasoma.

18 Septemba

Maombi yamepelekwa posta. Bado hatujacheza.

28 Septemba

TUMO! Kati ya miji ishirini na mitatu wamebakiza mitatu, na sisi ni mmojawapo! Mwingine ni jiji la kusini lenye uwanja mkubwa wa plastiki na taa kila pembe. Wa tatu uko Ohio, kando ya ziwa, na una hoteli yenye bwawa la kuogelea ndani. Sisi tuna Gus.

Nilikimbia kutoka kwenye duka la mikate ninakofanya kazi hadi uwanjani na unga bado mikononi, nikamkumbatia, na siku nzima alitembea na alama za viganja vyangu mgongoni. Clayton alimwambia, "Naona umeshapigwa mhuri." Gus hakuzifuta.

3 Oktoba

Baridi inakaribia, na mume wangu amenifundisha sheria kubwa kuliko zote za kazi yake. Asubuhi ya jalidi, umande ukishaganda juu ya nyasi, hakuna kukanyaga. Hakuna. Hata mbwa. Hata Meya. Jani linakuwa limejaa barafu ndani. Ukilikanyaga linavunjika kama kioo, nawe huoni kitu. Siku mbili baadaye unyayo wako unatokea wenyewe, wa kahawia, umekufa, na unakaa hapo wiki nyingi kama ushahidi.

"Mzizi nao unakufa?" nikauliza.

"Mzizi hauna neno. Mei uwanja utakuwa kijani kama kawaida. Ila kabla ya hapo kila mtu anajua ulipita wapi."

Ametundika kibao langoni: USIKANYAGE KABLA YA JUA. Mwandiko wake unafanana na yeye, mpana na wa polepole. Nilikibusu kile kibao alipogeuka.

6 Oktoba

Mvua.

7 Oktoba

Mvua. Bado hatujacheza.

8 Oktoba

Mvua. Kona ya kaskazini ya uwanja wa nne imekuwa dimbwi, bata wawili wamehamia. Gus na Clayton wamechimba mfereji kutwa nzima. Kutoka dirishani nilisikia:

"Gus, kule Ohio kamati itaogelea ndani ya hoteli. Hapa wataogelea uwanjani. Tofauti iko wapi?"

"Chimba, Clayton."

"Mke wako anatuangalia. Vuta tumbo ndani."

Akalivuta! Nilicheka hadi nikaunguza mchuzi. Tukaula hivyo hivyo, ukawa mtamu.

12 Oktoba

Barua: kamati inakuja tarehe 24. Watu watatu, na mkubwa wao anaitwa Bi. Lindqvist. Meya anasema mama huyo alipoufikia ule uwanja wa kusini alimwambia mwenyeji wake maneno manne tu siku nzima, na mawili yalikuwa "asante" na "kwaheri". Mji wote unamwogopa kabla hajafika. Zimamoto wameanza kuzozana juu ya nani atachoma kuku.

19 Oktoba

Nimekaa na kalamu dakika nyingi na siandiki. Nataka kuandika kwamba leo ni siku nzuri kuliko zote maishani mwangu, na nataka kuandika kwamba nimetuharibia nyumba. Yote mawili ni kweli.

Asubuhi kulikuwa na ukungu, mzito kama maziwa. Gus alikuwa ametoka mapema, nami nikamfuata na kahawa. Nilimkuta langoni anapapasa nyasi kwa kiganja. "Umande tu," akasema. "Haujaganda." Alikunywa kahawa na kunitazama, na sijui aliona nini, maana nilikuwa nimevaa koti lake kuukuu na nywele zimesimama wima. Akaweka kikombe juu ya nguzo ya lango.

"Njoo," akasema. "Siku hamsini na moja. Leo tunacheza."

Alikuwa anazihesabu! Mimi nilidhani ninahesabu peke yangu!

Tukateremka hadi katikati ya uwanja wa kwanza. Ukungu umefunga pande zote, hakuna mji wala barabara. Akanishika kiuno, akaanza kuimba kwa pua, maana Gus hajui maneno ya wimbo wowote, na tukazunguka. Tulizunguka mara moja, tukazunguka mara ya pili. Anacheza vibaya mno, jamani, kama mtu anayesukuma kabati, na sikuwahi kufurahi hivi. Chini ya viatu nilisikia mlio mtamu, kwaru, kwaru, kama mtu anatafuna biskuti. Nikamwambia sikioni, "Sikia, hata nyasi zinaimba."

Akasimama. Katikati ya mzunguko, mguu mmoja hewani.

Uwanja wa kwanza uko chini kuliko lango. Baridi huteremka kama maji na kulala bondeni. Mtu anayejua hilo kuliko wote hapa duniani ni Gus, na leo alilisahau kwa ajili yangu.

Hakunifokea. Alitazama tulikotoka, akainama, akasema, "Panda." Nikapanda mgongoni kwake, akanibeba hadi nje, akiweka kila mguu palepale kwenye alama zake za kuja, ili tusiue hata jani moja la ziada. Shavu langu lilikuwa kwenye shingo yake. Ilikuwa na moto.

Kamati inafika baada ya siku tano.

20 Oktoba

Hakuna kitu. Uwanja ni kijani tupu. Nimeomba Mungu.

21 Oktoba

Zimetokea.

Asubuhi hazikuwepo, saa sita mchana zikawepo, kama picha inayojitokeza kwenye karatasi. Nyayo za watu wawili zinaingia. Katikati, miduara miwili na nusu, kahawia kabisa, iliyovimba upande mmoja kama mkate ulioanguka. Kisha nyayo zinazotoka. Ukisimama barabarani unaona kila kitu. Basi lililokuwa linapita lilipunguza mwendo.

Meya alikuja na kopo la rangi ya kijani.

"Paka," akamwambia Gus.

"Sipaki nyasi rangi, Meya."

"Wewe umepaka mistari miaka mingapi?"

"Mstari ni mstari. Hii ni kudanganya."

Meya akavuta pumzi. "Haya. Basi mtu akiuliza, ni kulungu. Mmesikia? Kulungu wamepita. Wote wawili nyinyi, midomo fyu!"

Gus aliingia ndani akakaa kwenye ngazi za jikoni. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia ni kosa langu, ningekaa ndani na kahawa yangu. Akatikisa kichwa. "Nilijua sheria mimi. Na nikirudishwa asubuhi ile ningecheza tena." Akafikiri. "Ila uwanja wa tatu. Uko juu."

Nampenda mno, hata daftari linachoka.

22 Oktoba

Mama Wanda amekuja kuona. Nilijiandaa kupigwa na maneno. Alisimama pembeni ya uwanja, mikono nyuma, akazifuata zile nyayo kwa macho, mwanzo hadi mwisho. Muda mrefu.

"Miduara miwili na nusu," akasema.

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Na huku kutoka amekubeba."

"Ndiyo, Mama."

Upepo ulikuwa mkali, machoni mwake kulikuwa na maji, labda ni huo upepo. "Baba yake nilikaa naye miaka thelathini na mmoja katika nyumba ile. Mabomba yote nayajua kwa majina. Hakunichezesha hata jikoni." Akanifunga kifungo cha juu cha koti, kama mtoto. "Miguu yako midogo," akasema, akaondoka.

Nililoandika juu yake tarehe 17 Septemba nimelikata. Kwa penseli nyekundu.

24 Oktoba

Sasa niandike kila kitu kwa utaratibu.

Walifika saa nne asubuhi. Bi. Lindqvist ni mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, amevaa mabuti ya mpira kama anakuja kukamua ng'ombe. Mkononi alikuwa na mpira mmoja wa lakrosi, na kila baada ya hatua kumi anaudondosha, anatazama unavyoruka, anaudaka, anaandika. Hasemi. Meya alikuwa anasema kwa niaba ya watu wote. Bi. Lindqvist alisema "ndiyo" mara mbili, nami nikazihesabu.

Uwanja wa tatu, vizuri. Uwanja wa pili, vizuri. Kisha tukafika wa kwanza.

Alisimama. Akautia mpira mfukoni.

"Hiki nini?"

"Kulungu," Meya akasema upesi. "Wako wengi mno mwaka huu. Balaa."

Bi. Lindqvist akachuchumaa. Akanyoosha kidole. "Kulungu wa Pennick wanavaa viatu?"

Clayton akakohoa. Meya akawa mwekundu kama tufaha. Nikamtazama Gus, na Gus alikuwa ameshavua kofia, lakini maneno yake huchelewa kama treni ya mizigo, na mimi yangu yalishafika mlangoni.

"Ni sisi, Bibi," nikasema. "Mimi na mume wangu. Tulicheza dansi. Harusini hatukucheza kwa sababu bomba lilipasuka, na tarehe 19 kulikuwa na ukungu, akadhani ni umande, na ni mimi niliyekuwa nasema kila siku bado hatujacheza, bado hatujacheza. Kwa hiyo kama kuna wa kulaumiwa..."

"Ni mimi," Gus akasema. "Ni kazi yangu kujua. Jani limekufa, mzizi mzima. Mei hutaona kitu."

Bi. Lindqvist hakuinuka. Alikuwa anazisoma zile nyayo kama gazeti.

"Wameingia wawili," akasema. "Ametoka mmoja. Na anayetoka amekanyaga palepale alipoingilia, ila ameingia chini zaidi."

"Nilimbeba," Gus akasema. "Miguu minne ingeua mara mbili."

"Na hapa mlisimama ghafla. Kwa nini?"

"Hapo ndipo nilipoisikia jalidi."

Nikasikia mashine ya donati ya zimamoto inapiga mluzi kule mbali.

"Kuna kasoro gani nyingine hapa?" akauliza, na sasa alimtazama Gus peke yake.

Meya akafungua kinywa. Mama Wanda, aliyekuwa nyuma yake, akamkanyaga. Niliona kwa macho yangu!

Na Gus wangu, mtu wa maneno machache, akaanza kusema. Kona ya kaskazini ya uwanja wa nne inashika maji. Tumechimba mfereji lakini haujajaribiwa na mvua kubwa. Goli la magharibi la uwanja wa pili linapigwa na jua la jioni, mlinda lango ataumia macho, kwa hiyo mechi za jioni zisipangwe pale. Vyoo havitoshi. Moteli ni moja, nayo magodoro yake si mazuri. Akasema yote! Nilitamani kumziba mdomo na nilitamani kumbusu.

"Timu kumi na sita, moteli moja," Bi. Lindqvist akasema. "Watalala wapi?"

"Kwetu," Mama Wanda akajibu. "Nina vyumba vitatu. Orodha ya nyumba nyingine iko ukurasa wa pili wa maombi." Ule ukurasa alioniamuru niuandike.

Walikula. Kuku wa zimamoto, viazi vya chumvi vilivyomwagiwa siagi, donati zangu za tufaha. Wale wengine wawili walisifu. Bi. Lindqvist alikula viazi vyote akasema, "Asante." Halafu, "Kwaheri." Gari likaondoka.

Siwezi kujua. Hakutabasamu hata mara moja.

25 Oktoba

Hakuna simu.

27 Oktoba

Hakuna simu. Clayton ananiita "Mama Kulungu" mjini kote.

31 Oktoba

Ni usiku wa watoto kujivika vinyago na kuomba pipi mlango hadi mlango; wawili wamekuja wamevaa pembe za kulungu na viatu vya dansi. Clayton anakana kwamba ni wazo lake.

4 Novemba

Watu wanasema jiji la kusini limeshachaguliwa, kuna mtu amesikia kwa binamu yake. Gus ameleta makatoni. Nimeanza kufunga vyombo. Tosta tatu, kila moja katoni yake, sijui kwa nini hilo ndilo lililoniliza.

Meya alipita. Nilimwona dirishani kabla hajabisha hodi, amesimama mwenyewe kwenye goli la uwanja wa pili, mvua inamnyeshea, ameinua mikono kama anashika fimbo isiyokuwepo. Alipoingia nikampa taulo.

"Nilikuwa mlinda lango," akasema. "Zamani, wakati wa baba yake Gus. Lile jua la jioni ni kweli linaumiza." Akazungusha kikombe. "Kura yangu juu ya ghala ilikuwa hapana, Corinne. Meya ana kura moja tu, kama wengine. Na ule uongo wa kulungu... nilidhani nawasaidia."

Nikamkatia keki kipande kikubwa. Kumbe watu wote wanabeba kitu mgongoni, na nyayo zao huonekana baadaye.

9 Novemba

Tumefunga kila kitu isipokuwa kitanda, sufuria mbili na kahawa. Gus anaendelea kukata nyasi. Nikamuuliza anakata za nini. "Hazijui," akasema.

14 Novemba

Barua!!! Niliifungulia dukani mbele ya watu kwa kisu cha mkate. Naiandika hapa ili nisije nikasema nilibuni:

"Miji yote mitatu tuliiuliza kasoro zake. Miwili ilijibu haina. Wachezaji wetu wanalipa kutoka mifukoni mwao kufika. Wanastahili mahali ambapo mtu atawaambia ukweli kuhusu kona yenye maji. Mimi nilicheza klabu miaka minne na fainali zangu zote nililala ndani ya gari. Vyumba vya nyumbani kwenu vimenigusa kuliko bwawa la kuogelea. Fainali za Mei zitachezwa Pennick, kwa masharti mawili. Vyoo viongezwe. Na mke wa mtunza viwanja asiingie uwanjani kabla ya jua kuchomoza."

Nilipiga kelele hadi bwana mwenye duka akaangusha trei ya mikate. Kisha nikakimbia. Gus alikuwa uwanja wa nne na bata wake. Aliisoma mara mbili, polepole, akaikunja, akaniambia, "Nenda kafungue makatoni." Halafu akakaa chini kwenye nyasi na kulia, na mimi nikakaa naye. Jua lilikuwa juu, ilikuwa halali.

18 Novemba, Jumapili

Baada ya kanisa mji mzima ulikuja ukumbi wa zimamoto, kuku tena, viazi tena. Meya alisoma barua kwa sauti, na alipofika kwenye sharti la pili ukumbi ukalipuka. Clayton alinipa zawadi: fimbo ndogo ya mbao aliyoichonga, na juu ya mpini kulungu wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma, wamekumbatiana. Akasema, "Usiivunje. Hii haina mzizi."

Bendi ilikuwa ile ile ya harusi. Wakaita, "Maharusi!" Gus akanishika kiuno. Tukainua mguu.

Mlango ukafunguka. Mtu wa zimamoto, kapauka: "Gus! Bomba la uwanja wa pili limepasuka kwa baridi!"

Nilisikia mkono wake ukilegea mgongoni mwangu. Nilijua. Nilishaanza kutabasamu lile tabasamu la nenda-tu-mpenzi.

Mama Wanda alikuwa ameshafika. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa suti ya mwanawe, akatoa spana.

"Mama, ile valvu ni ya..."

"Ya kushoto, inakwama, unaipiga mara moja kabla ya kuzungusha. Nilikuwa naifunga wewe ukiwa tumboni." Akachukua koti lake. Mlangoni akageuka, akaielekeza spana kwetu sote wawili. "Mimi nafunga bomba. Nyinyi malizeni ule mduara."

Akatoka.

Tukaumaliza.

19 Novemba

Theluji ya kwanza. Uwanja wa kwanza ni mweupe wote, hakuna hata unyayo mmoja. Tumeutazama kutoka dirishani, tukicheza jikoni.